Aliyechora Mihula Ukutani

Katika kijiji chetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa mwalimu wa taaluma, yule anayepanga ratiba na mitihani ya shule, na watu wakafupisha wakamwita Taaluma, kama mtu anavyoitwa Fundi. Asubuhi ungesikia wanawake wakiulizana bombani: "Taaluma kapita?" "Kapita, ila kasimama kwa jirani anasalimia." Basi tungejua kwamba kengele bado na mtu ana muda wa kujaza ndoo nyingine.

Alikozaliwa sikuwahi kuuliza, na yeye hakuwahi kusema. Kiswahili chake hakikuwa na Kisukuma ndani yake, lakini salamu zetu alizipenda. "Mwangaluka!" angeita kutoka juu ya baiskeli, kisha akashuka ili aitikiwe vizuri. Mtu huyu aliyetunza muda wa shule nzima hakuwa na saa mkononi, na yeye mwenyewe alichelewa karibu kila siku. Mwalimu mkuu alipomkemea, alijibu kwamba ratiba ni ya vipindi, salamu hazimo.

Ukuta wa magharibi wa ofisi ya walimu ulikuwa wake. Kila mwaka ulipoanza aliupaka chokaa, akachora juu yake kalenda nzima ya shule, mwezi baada ya mwezi, kwa brashi aliyoitengeneza kwa nywele za mkia wa ng'ombe. Siku za masomo alizipaka buluu ile ya kufulia nguo nyeupe. Likizo alizipaka udongo mwekundu wa kichuguu. Siku za mafunzo ya walimu, ambazo walimu hukaa wao kwa wao kujifunza upya namna ya kufundisha, aliziwekea nukta ya mkaa. Kwa hiyo hata mfugaji asiyejua kusoma aliisoma kalenda ya Taaluma.

"Mwalimu, huu wekundu ndio nampata mchungaji wangu?"

"Ndio huo, baba. Na hapa inapoanza buluu unanirudishia."

"Mbona wekundu wenyewe mfupi hivi?"

"Ng'ombe wako nao wangeenda shule ungeuona mrefu."

Mimi niliutazama ukuta ule kuliko mtu yeyote, kwa sababu nilikuwa nauza maandazi getini na kiti changu kiliuelekea. Jua la mchana lilipoupiga, ile buluu ilitikisika kama maji, na miezi ikaonekana kama vyumba ambavyo mtu angeweza kuingia na kutoka. Masika mvua ilipougonga sana, chokaa ya juu ilikonda, na miaka ya nyuma ikaanza kujitokeza kwa chini, buluu ndani ya buluu. Siku moja niliona muhula mmoja wa zamani, umefifia, na nikaujua. Ulikuwa muhula niliouacha katikati, nikiwa darasa la sita. Baba alikuwa ametangulia, mama akafuata. Masele, mdogo wangu wa kiume, alichukuliwa na mjomba akapelekwa Kahama kwenye biashara ya mchele. Kabula, mdogo wetu wa mwisho, akabaki kwangu, bado wa kubebwa mgongoni.

Kitu nilichokitaka baada ya hapo kilikuwa kimoja. Nilitaka Kabula asikatishe. Mimi nilikatisha, imetosha. Yeye aende mpaka mwisho wa buluu zote.

Taaluma alilijua hilo kabla sijamwambia. Kwenye mkutano wa kwanza wa wazazi baada ya Kabula kuandikishwa, alisoma majina ya watoto, na kila mzazi akasimama. Alipofika kwa Kabula akasema, "Mzazi wa Kabula asimame." Nilisimama. Nilikuwa msichana tu, kanga nimeifunga vibaya. Mama mmoja akacheka kwa sauti: "Huyu naye mzazi? Si juzi tu alikuwa anacheza rede hapa!"

Taaluma hakuinua macho. "Leo asubuhi aliyempa Kabula uji ni nani?"

Yule mama akaacha kucheka.

"Basi. Anayefuata."

Tangu siku ile hakuniita kwa jina lingine. Hata aliponunua andazi alisema, "Mzazi wa Kabula, lile la pembeni, lililoungua kidogo." Alipenda yaliyoungua. Nadhani alijua kwamba hayana mnunuzi, lakini niliyatengeneza mabaya makusudi mara moja ili nimjaribu, akayala yote kwa furaha, kwa hiyo sina hakika.

Alikuwa mtu wa ndoto, na ndoto zake alizitangaza mstarini, mbele ya shule nzima, kabla ya matangazo ya kweli. Jana nimeota shule yetu imeng'oka, angesema, inatembea polepole juu ya majaruba ya mpunga, madirisha yamefunguliwa, na ndama wanaifuata nyuma. Sasa mkinyamaza mtasikia inavyokanyaga maji. Na watoto wakanyamaza. Mimi pale getini nilinyamaza pia, mkono ndani ya beseni la maandazi. Kisha, kwa sauti ileile, akasema darasa la nne wafagie choo.

Kila waraka wa kubadilisha kalenda ulipokuja, ilikuwa kama msiba mdogo kwake. Aliusoma, akaukunja, akauweka mfukoni, akaondoka na baiskeli kuelekea mashambani. Jioni ungemkuta juu ya ngazi na ndoo ya chokaa, anafuta. Tuliokuwa karibu tulimsikia akiiambia baiskeli iliyoegemea ukuta: "Mpunga wanaupandikiza mwezi huu. Huko wizarani wanalijua hilo au hawalijui, nani awaambie?" Lakini mbele ya wazazi hakuwahi kulalamika hata siku moja. Alisimama wima, akaeleza sababu zote za mabadiliko kana kwamba amezitunga yeye, na wazazi wakimaliza kunung'unika akasema, "Muhula umehama." Alilisema kama wafugaji wanavyosema mifugo imehama: haikupotea, iko mahali pengine, tuifuate.

Ilikuwepo mara moja ambayo muhula ulihama na hatukuufuata.

Mwaka ule likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ilipunguzwa, shule ikatakiwa kufunguliwa wiki moja mapema. Taaluma alipata habari siku ambayo kesho yake anaondoka kwenda mafunzo ya walimu mjini. Chokaa ilikuwa imebaki kidogo, akaizimua kwa maji, akafuta wekundu wa wiki ile na kupaka buluu juu yake harakaharaka, akaondoka. Siku iliyofuata mvua kubwa ikanyesha. Lile tabaka jembamba halikuwa limekauka; lilishuka lote mpaka chini kwenye majani, na wekundu wa zamani, uliokuwa umeshika vizuri, ukarudi juu kama vile haujaguswa.

Mwalimu mkuu alitangaza kanisani, akamwomba na shehe atangaze msikitini. Watu walisikia. Kisha wakapita shuleni wakautazama ukuta, wakaona bado ni nyekundu, wakaenda zao. Ukuta wa Taaluma haukuwa umewahi kuwadanganya. Shule ilifunguliwa na madawati matupu.

Na kwetu likizo isiyotarajiwa ina mahali inapokwenda. Mwendo wa asubuhi kutoka kijijini kuna mwalo, mahali pa kuosha mchanga wa dhahabu, na karasha zake za kusaga mawe. Wanaapolo, wachimbaji wenyewe, hushuka mashimoni. Watoto hubaki juu, wanachekecha, wanabeba maji, wanakoroga tope kwa mikono. Mtoto akikaa huko likizo moja anarudi. Akikaa mpaka azoeane na watu, akapata sabuni na mafuta yake mwenyewe, kumrudisha ni kazi nyingine.

Mimi nilikuwa nimekwenda kibarua cha kupandikiza mpunga kwa siku kadhaa. Niliporudi nyumbani, jiko lilikuwa baridi. Kabula alikuwa ameondoka na mama wa jirani anayepika chakula mwaloni. Alimwachia ujumbe mwenye duka: ukuta unasema bado.

Nilimfuata. Nilimkuta amejaa vumbi la mawe kuanzia nywele mpaka kope, rangi ya jivu mwili mzima, macho tu ndiyo yake.

"Shule imefunguliwa," nikamwambia. "Twende."

"Bado nyekundu."

"Mwalimu mkuu ametangaza."

Akaendelea kuchekecha. "Dada, hapa nakula vizuri na sikusumbui. Nimeshasoma vya kutosha."

"Nani kakwambia vinatosha?"

Akanitazama, bila ubaya. "Wewe mwenyewe si uliacha? Mbona tunaishi?"

Nilirudi peke yangu, njia nzima naliona lile swali mbele yangu kama mtu anayetembea.

Taaluma alirudi siku ya pili yake. Alishuka kwenye basi la Kahama na begi la semina begani, akasimama mbele ya ukuta wake muda mrefu. Nilidhani atafuata ndoo. Badala yake alikwenda kwenye mti wa kengele. Kengele yetu ilikuwa ringi ya pikapu iliyoning'inizwa kwa mnyororo. Aliifungua, akaifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira, akaweka mfukoni ile nondo fupi ya kugongea.

"Mzazi wa Kabula," akasema, "nionyeshe njia."

Alikuwa anaijua njia. Tulikwenda, yeye akisukuma baiskeli, ringi ikilia kidogo kila penye shimo.

Mwaloni karasha zilikuwa zinanguruma hivi kwamba watu walizungumza kwa mikono. Taaluma aliinua ringi kwa mkono mmoja, akagonga kwa mwingine. Aligonga kama alivyokuwa akigonga shuleni kila asubuhi: mara mbili polepole, kisha mfululizo. Mwanzo niliona hakuna kitu. Kisha kutoka ndani ya lile vumbi watoto walianza kutokea. Hawakukimbia. Walitoka taratibu, wa kijivu wote, wakubwa na wadogo hawatofautiani, na miguu yao ikawapeleka kwenye mstari bila wao kuiambia. Wakashikana mabega wakipimana nafasi, kama mstarini. Mtu mmoja akazima karasha ili aone kinachotokea. Mwingine naye akazima. Sijawahi kusikia kimya kama kile mahali pale, hata ndege walirudi kusikika.

Mwenye karasha akaja mbio. "Mwalimu! Unanitolea vibarua?"

"Wanafunzi," akasema Taaluma, akihema.

"Hawa ni vibarua wangu!"

"Inawezekana. Ila mimi niliwaandikisha kwanza."

Wanaapolo waliokuwa karibu wakacheka. Mmoja akapiga kelele: "Mwache bwana, hata mimi kengele hii imenishika mguu!" Mwenye karasha akatema mate, akakaa juu ya gunia.

Taaluma akaita mahudhurio kwa kichwa, bila daftari. Aliita kila mtoto, na kila mtoto akajibu "Nipo," sauti ndogo ndogo kutoka ndani ya vumbi. Akafika kwa Kabula. Kabula hakuwemo kwenye mstari.

"Kabula."

Hakuna.

Nilitaka kuita mimi, nikafungua mdomo. Taaluma akaninyooshea kiganja. Hakupandisha sauti. Alisubiri kama anavyosubiri mtu aitikie salamu.

"Kabula."

Nyuma ya pipa la maji, kwa sauti ya mtu aliyeikasirikia nafsi yake: "Nipo."

Tuliwarudisha kwa mguu, mstari ule wa kijivu, na yeye mbele na baiskeli yake. Wazazi walipokusanyika aliwaambia kwamba kosa ni la chokaa yake na mkono wake, na mtu asimpige mtoto. Baada ya hapo alipaka chokaa nzito kiasi kwamba ukuta ulianza kuvimba.

Lakini Kabula alirudi mwili tu. Darasani alitazama nje. Na niliogopa zile nukta za mkaa, siku za mafunzo ya walimu, kwa sababu watoto walirudishwa nyumbani asubuhi na njia ya mwaloni ilikuwa wazi. Taaluma naye aliziona hivyo. Nilikuwa napeleka maandazi ofisini siku alipolileta jambo hilo.

"Watoto wasome asubuhi," alisema. "Sisi tuanze mchana."

"Taaluma, unatuchosha," akajibu mwalimu mkuu. "Ufundishe tangu asubuhi, halafu semina mpaka jioni?"

"Mimi mwenyewe nitasinzia, Mkuu."

"Wewe husinzia hata semina za asubuhi!"

Walimu wakacheka, na ilikuwa kweli. Taaluma alizipigania sana siku za mafunzo, akazipangia kila kitu, kisha wawezeshaji walipoanza kuzungumza alilala kabisa, kidevu kifuani. Aliamka mwishoni na kuuliza swali lililohusu jambo lenyewe hasa, kama mtu aliyekuwa analisikiliza kutoka chumba cha pili. Hata hivyo walimkubalia.

Tatizo likawa jingine. Katika mafunzo yale mwalimu husimama akafundisha somo la mfano na wenzake wanamtazama. Walimu wakicheza uanafunzi wanajibu kabla hawajaulizwa. Taaluma akasema panahitajika mwanafunzi wa kweli. Akatoka nje mpaka getini.

"Mzazi wa Kabula, funika beseni. Njoo ukae dawati la mbele."

"Mimi? Mwalimu, mimi niliishia la sita."

"Ndiyo maana. Ukielewa wewe, wataelewa. Usipoelewa sema, usiwaonee haya."

Niliketi. Magoti yaligonga meza. Taaluma akawageukia walimu wenzake, akasema kwa sauti ya mstarini: "Haya, shule imefunguliwa."

Mwalimu mpya wa hisabati alisimama, kijana mwenye shati la kupigwa pasi, akaanza somo la sehemu. Aliandika haraka, mimi nikatikisa kichwa kukubali.

"Ameelewa," kijana akasema.

"Muulize," akasema Taaluma kutoka kiti cha nyuma, macho amefumba.

Akaniuliza. Sikujua. Uso uliniwaka moto. Kijana akafuta ubao, akachora andazi, akaligawa, akaanza tena polepole, na jasho lilimtoka yeye zaidi yangu. Mara ya tatu nikaona. Sijui nielezeje, ilikuwa kama mvua ilivyoikondesha chokaa ya ule ukuta, na muhula wangu wa zamani ukawa pale, haujaenda popote. Nilijibu. Walimu walipiga makofi, walimpigia kijana, na ndivyo ilivyostahili, maana yeye ndiye aliyekuwa anajifunza kazi.

Siku zile Kabula alinisubiri nje ili turudi pamoja. Nilijua tu kwamba yupo. Siku moja, njiani, akasema ghafla: "Dada, ile ya pili ulikosea. Ulipaswa kulinganisha namba za chini kwanza."

"Umeonaje?"

"Dirishani."

Tulitembea. Baadaye akasema, "Hulii ukikosea."

"Nilie nini?"

Nukta iliyofuata ya mkaa ilinikuta ninaye, na iliyofuata hiyo, na hakunikumbusha tena kwamba niliacha. Alichukua daftari lake akawa ananieleza jikoni yale niliyokosea mbele ya walimu, anagonga meza kwa mwiko kama mwalimu mkali. Mwaloni hakurudi.

Taaluma alistaafu wakati Kabula yuko sekondari. Aliondoka kama alivyofika, na baiskeli. Ukuta ulipakwa rangi ya mafuta, na sasa kalenda inatumwa kwenye simu.

Nilimwona tena mwaka huu, Nkome, kando ya ziwa, ninakonunua dagaa wa kupeleka Kahama. Nilikuwa napita na beseni langu kati ya dagaa walioanikwa, wanang'aa pande zote mpaka huwezi kusema ziwa linaanzia wapi, nikaona ukuta wa nyumba ndogo una buluu na udongo mwekundu. Moyo wangu ulimjua kabla ya macho. Alikuwa ameketi kwenye benchi, ameupa ukuta uso na ziwa mgongo. Maji aliyaogopa maisha yake yote. Kwa nini alikuja kuzeekea kando yake, hata yeye alicheka nilipomuuliza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mzazi wa Kabula." Hakugeuka. Aliijua sauti.

Nikautazama ukuta. "Hii ni mihula ya nini?"

"Ya mwezi. Buluu ni siku za giza, boti zinatoka kuvua dagaa. Nyekundu ni mbalamwezi, wavuvi wanapumzika. Wanakuja kuniuliza kila siku, kama wale wafugaji wenu." Akatabasamu. "Hii haina waraka."

Nikasema ni nzuri. Akasema inamchosha kwa kutobadilika.

Dagaa walinuka, upepo ulikuwa mdogo. Nilifikiri amesinzia, na alikuwa amesinzia, kidevu kifuani. Kisha akauliza, macho bado amefumba:

"Kabula yuko wapi leo?"

"Yuko shuleni kwake anakofundisha. Leo walimu wana mafunzo."

Akafumbua macho, akanigeukia haraka kuliko nilivyodhani anaweza. "Watoto wamerudishwa nyumbani?"

"Hapana, Mwalimu. Wamesoma asubuhi. Wao wanaanza mchana huu."

"Na dawati la mbele?"

"Kuna mama anauza mihogo pale getini. Kabula alitoka akamwita."

Taaluma aliugeukia ukuta. Alitazama buluu yake muda mrefu, midomo ikitembea kidogo, kama anayeita majina kwa kichwa. Kisha akajisogeza mpaka pembeni kabisa mwa benchi, akafuta nafasi iliyobaki kwa kiganja, magamba ya samaki yakamganda mkononi.

"Keti. Dagaa wako hawajakauka."

Nikafunika beseni langu kwa kanga, nikaketi.

"Haya," akasema, "shule imefunguliwa."